Sababu za mswada wa tamthilia kusomewa majirani kabla ya kufika jukwaani

Mswada wa sheria haupiti katika Bunge la Kenya kabla ya kusomwa mara tatu. Mswada wa tamthilia, ambao katika Kiswahili umeitwa kwa jina lilo hilo, waweza kutoka mezani kwa mtunzi, ukapitia mikononi mwa mhariri, ukachapishwa, ukauzwa madukani na hata kutahiniwa shuleni bila ya kusomwa kwa sauti mbele ya watu hata mara moja.

Hili ni jambo la kushangaza ikizingatiwa kwamba tamthilia, tofauti na riwaya, huandikwa ili isemwe. Mwandishi wa riwaya humwandikia msomaji mmoja aliyejitenga na kitabu chake. Mtunzi wa tamthilia huandikia ndimi za watu wengine na masikio ya umati. Neno lililotua vyema kwenye karatasi laweza kumkwama mwigizaji kooni, na mzaha uliomchekesha mtunzi usiku wa manane waweza kupita mbele ya watu mia moja bila hata mmoja wao kutabasamu.

Ndiyo maana watunzi katika nchi nyingi wamejijengea desturi ya kuukutanisha mswada na masikio mapema, ungali mbichi. Kundi la watu hukusanyika katika ukumbi wa kijamii, maktaba, darasa lililoachwa na wanafunzi mwishoni mwa juma au hata sebuleni kwa mmoja wao. Wachache husoma, wengine husikiliza, kisha wote huzungumza. Kikao cha namna hii si onyesho wala si mazoezi. Ni mahali ambapo kazi hupimwa wakati ingali rahisi kuibadilisha.

Kikao chenyewe hakina makuu. Viti hupangwa kwa umbo la nusu duara, maji ya kunywa yakawekwa, na nakala za mswada zikagawiwa wasomaji. Baadhi yao huwa waigizaji wenye uzoefu, ilhali wengine ni walimu, makarani, mafundi au vijana waliomaliza shule majuzi. Hakuna anayehitajika kukariri chochote. Hakuna maleba wala taa za rangi. Msomaji mmoja hutengewa kazi ya kusoma maelezo ya jukwaani: kwamba fulani ameingia, ameketi, ameutazama mlango. Wengi huidharau kazi hii na kuikimbia, lakini asiyeweza kuifanya kwa sauti tulivu na kwa wakati ufaao hukivuruga kikao kizima, kwa kuwa ndiye macho ya wasikilizaji wote.

Mtunzi naye huketi kando, kalamu mkononi, na sharti lake la kwanza ni kunyamaza. Hapaswi kudakia na kueleza alichokusudia. Siku tamthilia itakapoigizwa Kisumu au Voi hatakuwapo ukumbini kuwafafanulia watazamaji maana ya mstari wa tatu. Ikiwa mstari huo hauwezi kujieleza wenyewe mbele ya majirani ishirini wanaomtakia heri, hautaweza kujieleza mbele ya wageni mia tano waliolipa kiingilio.

Kwa kawaida dakika kumi za kwanza hutosha kufichua mengi. Tuseme mtunzi amemwandikia mama mchuuzi wa sokoni maneno haya, akimjibu mwanawe anayedai karo: "Mwanangu, hali ya uchumi imezorota kiasi kwamba uwezo wetu wa kugharimia masomo yako umedidimia." Kwenye karatasi sentensi hiyo haina kosa. Sarufi yake imenyooka na mwalimu angeipigia alama ya vema. Aisomapo mwanamke aliyewahi kuuza mboga, wasikilizaji huangua kicheko pasipostahili kicheko, kwa kuwa aliyezungumza pale si mchuuzi bali ni taarifa ya habari. Pengine msomaji huyo huyo, akiulizwa angesemaje, hujibu bila kufikiri: "Karo niitoe wapi, na hizi nyanya zimelala tangu Jumatatu?" Mtunzi mwenye busara huandika hapo hapo.

Sikio hunasa mambo ambayo jicho huyasamehe. Hunasa sentensi ndefu yenye virejeshi vinne inayomkatia msomaji pumzi katikati. Hunasa wahusika wawili waliopewa majina yanayokaribiana, kiasi kwamba msikilizaji hajui ni nani aliyekufa. Hunasa habari iliyorudiwa mara tatu kwa kuwa mtunzi aliiandika katika miezi mitatu tofauti akasahau. Hata kimya cha wasikilizaji kina maana zake. Kipo kimya cha watu waliovutwa na kisa, na kipo kimya cha watu wanaosubiri chai, na mtunzi aliyeketi miongoni mwao huzitambua aina hizo mbili bila ya kuambiwa. Viti vinapoanza kulia na watu kukohoa ukurasa wa ishirini na tatu, tatizo huwa halijaanzia ukurasa huo. Mara nyingi huwa limeanzia kurasa tano nyuma.

Kwa watunzi wa Kiswahili nchini Kenya kuna sababu ya ziada. Lugha hii huzungumzwa kwa namna nyingi, na tabaka, umri na makazi ya mtu hujulikana mara tu anapofungua kinywa. Mzee wa Mji wa Kale, Mombasa, humwita mjukuu wake kwa kumwambia "ndoo", si "njoo". Akisemeshwa Kiswahili cha darasani kuanzia mwanzo hadi mwisho, wenyeji watajua papo hapo kwamba mtunzi hakuwahi kuketi barazani pake. Kijana wa mitaa ya mashariki mwa Nairobi naye akipewa Sheng ya miaka kumi iliyopita atasikika kama mjomba wake. Mhariri aliye ofisini hawezi kuyajua yote hayo. Majirani wanayajua.

Mfano mkubwa zaidi wa nguvu za usomaji wa aina hii katika historia ya Kenya haukutokea katika ukumbi wa jiji. Ulitokea Kamiriithu, Limuru, kijiji kilichotokana na sera ya serikali ya kikoloni ya kuwahamishia wananchi katika vijiji vya lazima wakati wa vita vya Mau Mau. Katikati ya miaka ya sabini wanakijiji walikuwa na kituo chao cha elimu na utamaduni, na watu wazima walikuwa wakijifunza kusoma na kuandika humo. Miongoni mwa waliohusika na kituo hicho walikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mhadhiri wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi na tayari mwandishi mashuhuri wa riwaya za Kiingereza, na Ngũgĩ wa Mirii, mtafiti wa chuo hicho aliyejishughulisha na elimu ya watu wazima.

Wawili hao waliombwa waandae rasimu ya mchezo. Rasimu ilikuwa tayari kufikia Aprili 1977, nayo iliandikwa kwa Kikuyu, lugha ya wenyeji. Kisa chake kilikuwa cha Kigũũnda, kibarua mwenye ekari moja na nusu ya ardhi, mkewe Wangeci na binti yao Gathoni, na jinsi tajiri Kĩoi anavyowavuta katika harusi ya kanisani na mkopo wa benki hadi ardhi hiyo inawaponyoka. Jina la mchezo lilikuwa Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda.

Hadi hapo hapakuwa na jambo lisilo la kawaida. Lisilo la kawaida lilikuja baadaye, rasimu ilipoanza kusomwa na kujadiliwa hadharani mnamo Juni, katika uwanja ulio wazi, Jumamosi na Jumapili alasiri, saa ambazo vibarua na wafanyakazi wa viwandani walikuwa na nafasi. Yeyote aliyepita njiani aliweza kusimama akasikiliza. Na waliosimama hawakunyamaza.

Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika maandishi yake jinsi walivyosahihishwa. Wazee waliposikia mhusika wa makamo yao akizungumza waliguna, wakasema kwamba mzee hawezi kusema hivyo. Usemi wa mtu mzima una methali zake, una mizunguko yake, na kijana hamsemeshi mzazi wake kwa namna aliyoandikiwa. Wafanyakazi wa kiwanda cha viatu kilichokuwa karibu hawakuridhika na maelezo ya jumla kuhusu unyonyaji. Walitaka hesabu ielezwe: mshahara ni kiasi gani, bidhaa zinazotengenezwa kwa siku zina thamani gani, na tofauti inakwenda wapi. Ulipofika wakati wa sherehe ya arusi ya kimila, wasomi hao wawili hawakuwa na ujuzi wa kutosha, na ilibidi wafundishwe nyimbo na taratibu za gĩtiiro na mwanamke wa kijiji ambaye hakuwahi kusoma shuleni.

Kwa hivyo mchezo ulioonyeshwa Oktoba 2, 1977, katika ukumbi usio na paa ambao wanakijiji walijijengea wenyewe na ambao ulitosha watazamaji zaidi ya 2,000, haukuwa tena ule uliokuwa katika rasimu. Mwenyewe amekiri kwamba watu waliutwaa wakauboresha, lugha yake, visa vyake na tamathali zake, hata rasimu ya awali ikaonekana kama jaribio la mtu asiyejiamini. Ni nadra kwa mwandishi wa hadhi yake kukiri jambo kama hilo. Tena aliyekiri alikuwa ameandika riwaya nne, na kazi zake zilisomwa katika vyuo vikuu vya dunia.

Jambo moja la Kamiriithu halitajwi mara nyingi inavyostahili. Usomaji ule wa hadharani uliandaa hadhira pamoja na mswada. Watu waliokuwa wamefuatilia mazoezi kwa miezi minne waliyajua maneno, waliweza kumkumbusha mwigizaji aliyesahau, na waliwaleta jamaa zao kutoka vijiji vingine kutazama kitu walichokiona kuwa mali yao. Kampuni nyingi za maigizo hutumia fedha kwa matangazo kutafuta kile ambacho Kamiriithu ilikipata bure.

Serikali nayo ilielewa. Siku 45 baada ya onyesho la kwanza, Novemba 16, 1977, leseni ya maonyesho ilifutwa kwa madai ya usalama wa umma. Usiku wa kuamkia Desemba 31 Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akazuiliwa bila kufunguliwa mashtaka katika gereza la Kamiti hadi Desemba 1978. Riwaya ya Kimombo yenye msimamo mkali, Petals of Blood, ilikuwa imetoka mwaka uo huo wa 1977 na kuzinduliwa na mmoja wa mawaziri. Kitabu kilivumiliwa. Kilichosomwa kwa sauti, kwa lugha ya kijiji, hakikuvumiliwa.

Miaka minne baadaye kundi hilo lilirudi na mchezo wa nyimbo, Maitũ Njugĩra. Februari 1982 lilipofika katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho jijini Nairobi lilikuta milango imefungwa. Waigizaji wakahamia katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kuendelea na mazoezi, ambayo yalikuwa wazi kwa kila mtu. Maelfu ya watu walifurika kutazama mazoezi tu, mpaka hayo nayo yakapigwa marufuku. Machi 12, 1982, polisi waliubomoa ukumbi wa Kamiriithu. Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia uhamishoni mwaka huo. Ngũgĩ wa Mirii na Kĩmani Gecaũ, aliyekuwa mwelekezi wa mchezo wa kwanza, walikwenda Zimbabwe na kuendeleza huko sanaa za maonyesho za vijijini. Ngaahika Ndeenda ilirejea jijini mnamo Mei 2022, ilipoonyeshwa katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho. Ngũgĩ wa Mirii alikuwa amefariki 2008. Mwenzake aliaga dunia Mei 28, 2025.

Kuna kisa kimoja kinachofaa kuongezwa hapa ingawa hakihusu tamthilia. Riwaya Caitaani Mũtharabainĩ, ambayo Ngũgĩ aliiandika akiwa kizuizini na ikachapishwa 1980, ilisomwa kwa sauti majumbani, wakati wa chakula cha mchana kazini, katika matatu na katika mabaa. Amesimulia kuhusu wasomaji wa baa waliokuwa na ujanja wao: glasi ilipokauka, msomaji alikifunga kitabu mahali penye utamu hasa, na hakukifungua tena mpaka mmoja wa wasikilizaji agharimie nyingine. Huyo, kwa kweli, alijua mahali kisa kinapobana kuliko wahakiki wengi.

Nje ya Kenya desturi hii imechukua sura nyingine, ya taasisi zaidi kuliko kijiji. Jijini London, ukumbi wa Royal Court ulianza mwishoni mwa miaka ya hamsini kutenga Jumapili usiku kwa kazi mpya zilizoonyeshwa bila mapambo ya jukwaa, kwa gharama ndogo. Wole Soyinka, wakati huo kijana aliyeajiriwa kusoma miswada katika ukumbi huo, alipata nafasi ya mchezo wake The Invention kuonyeshwa kwa utaratibu huo mnamo 1959. Nchini Marekani, kituo cha Eugene O'Neill kilichoko Waterford, Connecticut, kimekuwa kikiwaalika watunzi kila kiangazi tangu 1965 ili miswada yao isomwe na waigizaji walioshika karatasi mkononi, na watunzi wakiirekebisha baina ya usomaji mmoja na mwingine. August Wilson alikuwa amekataliwa huko zaidi ya mara moja kabla ya Ma Rainey's Black Bottom kukubaliwa kwa kiangazi cha 1982. Mchezo huo ulifika Broadway mnamo 1984. Karibu zaidi na nyumbani, tamasha la kimataifa la maigizo la Kampala, lililoanza 2014, limekuwa likiwapa watunzi wa Afrika Mashariki nafasi ya kusomewa miswada yao mbele ya hadhira.

Si kwamba kila anayesikiliza husaidia. Mswada waweza kuuawa na wema wa watu. Kila kikao huwa na mtu ambaye, badala ya kusema alichosikia, huanza kuandika upya tamthilia ya mwenzake papo hapo: angependa binti asife, angependa chifu awe mwema, angependa mambo yahamie Nakuru kwa kuwa ndiko alikozaliwa. Mtunzi mchanga akiyafuata yote hayo atarudi nyumbani na kitu kilichoandikwa na kamati, na hakuna tamthilia dhaifu kama iliyoandikwa na kamati. Yupo pia rafiki anayesifu kila kitu, na huyo ni wa kuogopwa zaidi.

Kwa sababu hiyo vikao vilivyokomaa huwa na msimamizi na utaratibu wa mazungumzo. Mmoja kati ya taratibu zinazofuatwa sana ulianzishwa na msanii wa densi Mmarekani, Liz Lerman, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Wasikilizaji kwanza hutaja kilichowagusa au kukaa akilini mwao. Kisha zamu humwendea mtunzi, naye huuliza maswali anayotaka kujibiwa. Baadaye wasikilizaji humuuliza maswali yasiyoficha hukumu ndani yake; kuuliza "kwa nini mwisho ni dhaifu hivi?" si swali. Maoni huja mwisho kabisa, tena baada ya mtoaji kuomba ruhusa na mtunzi kuikubali au kuikataa. Utaratibu huu waweza kuonekana wa kizungu na wa kudekeza, lakini anayekumbuka adabu za baraza la wazee, ambapo mtu husubiri zamu na hamkatizi mwenzake kauli, hatauona mgeni sana.

Kamiriithu nayo yaweza kuonekana kuwa kinyume cha tahadhari hii, kwa vile pale kila mtu alisahihisha. Tofauti iko katika kilichosahihishwa. Wazee walisema kuhusu usemi wa wazee, wafanyakazi kuhusu mishahara, mama kuhusu nyimbo za arusi. Kila mmoja alizungumzia alichokijua kwa kukiishi. Msimamizi hodari wa kikao hujaribu kulielekeza zungumzo huko huko: muuguzi aulizwe kuhusu tukio la wodini, kondakta kuhusu ugomvi wa ndani ya matatu, na mgogoro wa visa vya tamthilia uachiwe mtunzi.

Pengo la vikao hivi huonekana wazi zaidi katika tamthilia ya Kiswahili nchini. Soko lake kubwa, na kwa waandishi wengi ndilo soko pekee, ni shule. Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, Mstahiki Meya ya Timothy Arege, Kigogo ya Pauline Kea na Bembea ya Maisha, ambayo pia ni ya Arege, zimesomwa na mamia ya maelfu ya watahiniwa wa kidato cha nne. Kuteuliwa huko kumewapa watunzi wasomaji ambao hakuna ukumbi ungeweza kuwapa, na ni haki yao. Hata hivyo, wengi wa wasomaji hao wameziona tamthilia hizi kama orodha ya maudhui, sifa za wahusika na mbinu za lugha. Vikundi vya maigizo huzunguka shuleni kuziigiza, lakini hilo hutokea kitabu kikiwa kimekwisha kuchapishwa na kuteuliwa, na neno lililomkwama mwigizaji haliwezi tena kubadilishwa.

Athari yake husikika. Mwandishi anayejua kwamba kazi yake itatahiniwa kabla ya kuigizwa hushawishika kuwaandikia watahini. Wahusika huanza kumwaga methali tatu katika pumzi moja, si kwa sababu ndivyo wanavyozungumza, bali kwa sababu swali la methali halikosi kwenye karatasi ya mtihani. Mhusika mwovu hutangaza uovu wake waziwazi ili mwanafunzi asije akapoteza alama. Jioni moja tu ya kusomewa watu wazima ambao hawana mtihani wa kufanya ingewaondolea wahusika hao nusu ya mzigo huo.

Tamasha la kitaifa la maigizo ya shule na vyuo limekuwa kwa miongo mingi mlango mwingine wa kazi mpya, na vipaji vingi vimepitia humo. Lakini hilo ni shindano. Waamuzi hutoa maoni yao maleba yakiwa yameshashonwa na basi likiwa limeshakodishwa. Aidha, ni uwanja ambao mswada huweza kukutana na mamlaka kabla ya kukutana na umma. Aprili 2025 mchezo Echoes of War wa Shule ya Wasichana ya Butere, ulioandikwa na Cleophas Malala, uliondolewa katika mashindano, mahakama ikaamuru uruhusiwe, na wanafunzi walipofika Nakuru waliimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza, huku polisi wakiwafyatulia vitoa machozi wananchi waliokuwa nje. Nchi nzima ilibishana kuhusu mchezo ambao watu wachache mno walikuwa wameusikia.

Wapo watunzi wanaosita kuusoma mswada mbele ya watu kwa kuhofia kuibiwa. Hofu hiyo si ya kipuuzi, lakini sheria iko upande wao. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kazi ya fasihi hulindwa tangu pale inapoandikwa, wala si lazima isajiliwe kwanza. Anayetaka ushahidi zaidi anaweza kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Ikumbukwe tu kwamba kinacholindwa ni maandishi, si wazo. Anayesimulia kisa chake kwa mdomo bila kuandika hajajikinga. Vikundi makini huweka nambari kwenye kila nakala na kuzikusanya zote mwishoni, jambo ambalo pia huokoa gharama ya kupiga chapa mara ya pili.

Na gharama, kwa kweli, ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Anayetaka kuanzisha kikao kama hiki katika mtaa wake anahitaji nakala sita au saba, chumba kisicho na kelele za barabarani, wasomaji wanaorudishiwa nauli, na chai. Wasomaji wapewe mswada siku mbili tatu mapema ili wasijikwae kwenye maneno mageni, lakini wasifanye mazoezi mengi hata wakaanza kuuficha udhaifu wa maandishi kwa ustadi wa sauti zao. Saa ya ukutani itazamwe, kwa kuwa mswada ambao mtunzi anaapa kuwa ni wa saa moja huchukua karibu mbili. Waalikwe watu wanaofanana na wahusika, si wanafasihi peke yao: ikiwa mchezo unahusu wavuvi, wavuvi wawili wenye kusema wazi wana thamani kuliko wahadhiri wanne.

Kisha nakala hukusanywa. Zile zilizoshikwa na wasomaji wazuri hurudi zimechafuka: neno limekatwa kwa penseli na lingine kuandikwa juu yake, mkwaju umewekwa mahali pa kuvuta pumzi, alama ya kuuliza pembeni mwa ukurasa wa arubaini. Mtunzi huzibeba nyumbani zote, akaziweka mezani mojamoja, na kuanza kutafuta mahali ambapo penseli nne tofauti zimesimama kwenye mstari mmoja.